Mishale Yote Yaelekea kwa Wiebe

Jumatatu, 5 Machi 1979
Theluji tena Groningen. Kufuli ya baiskeli imeganda, nimekuja kwa miguu, nimechelewa. Jantine Bouwkamp keshafika. Si kawaida yake hiyo! Sote wawili ni wasaidizi wa Profesa Clevering, na Septemba itabaki nafasi ya mmoja. Lazima iwe yangu. Nina programu niliyoiandika mwenyewe: unaipa kompyuta majibu ya watu, inakuambia nani kitovu cha kundi, anayeendewa na wengi. Nimewauliza wote idarani: ukikwama kazini, unamwendea nani? Nami nimejibu, kwa uaminifu. Nimewataja karibu wote. Kutwa nzima natoboa kadi za kuilisha kompyuta majibu hayo. Jantine akaomba azipitie kabla sijazipeleka. Nikamwambia sihitaji. Anataka kuniibia, nani asiyejua!

Jumatano, 7 Machi
Majibu yametoka kituo cha kompyuta. Wa kwanza: Dijkema, W. Mimi! Nimeyasoma nimesimama ukumbini, koti halijafunguliwa. Wa mwisho: Clevering. Sifuri. Hakuna hata mmoja anayemwendea, maskini. Nilimhurumia kidogo. Nikafikiria kuhakiki, nikaona ya nini, kompyuta haina upendeleo. Kesho ni siku yangu ya kuzaliwa. Wote watakuwepo. Nitatangaza.

Alhamisi, 8 Machi
Nimeleta keki mbili za tufaha, maana mwenye siku yake ndiye mlishaji. Tumepeana mikono, kila mtu akampongeza mwenzake kwa ajili yangu, ndiyo desturi yetu, tukakaa duara. Kahawa ilipomiminwa nikasimama na karatasi yangu, nikasoma.

Akadakia Ubbo, mwalimu wa takwimu: “Wewe? We bwana, si juzi tu ulikuja kuniuliza projekta inawashwaje?” Wakacheka. Nikasema hayo si maneno yangu, ni ya mashine. Profesa akaweka uma chini. Akauliza kwa upole sifuri ile maana yake nini. Nikamweleza, Mungu anisamehe, mbele ya watu, kwamba hakuna anayemwendea. Akasema huenda ni kweli, siku hizi mlango wake hufungwa mno. Akasema basi mkutano wa mwezi ujao niende mimi, yeye apumzike. Akatoka, keki hajaigusa.

Na mimi nilifurahi. Naandika nisije nikajidanganya baadaye: nilifurahi.

Ijumaa, 9 Machi
Asubuhi Profesa kapita mlango kwa mlango akiuliza kama kuna mwenye tatizo. Marchien, katibu wake, amelia kabisa. Anasema mzee wa watu kamuuliza kama mashine ya chapa inamsumbua, kisha akasimama pale tu, hajui aende wapi.

Jantine hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alichukua karatasi zangu, akafuata mstari mmoja kwa kidole, akaniambia nikae. “Wiebe, ndugu yangu, kila jibu ni mshale, unatoka kwa anayeuliza unakwenda kwa anayeulizwa. Ulitakiwa uhesabu inayoingia. Umehesabu inayotoka. Hapa hatuoni nani anaendewa. Tunaona nani anasumbua wenzake.”

Wa kwanza: mimi. Profesa ana sifuri kwa sababu hamsumbui mtu. Sisi wote tunamwendea yeye! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikagonga mlango wake, nikaingia. Nikasema yote. Alitazama theluji dirishani. Akaniuliza kama nilihakiki. Nikasema la. “Mwanangu,” akasema, “jana nimemwambia mke wangu nastaafu. Ameshaanza kuwapigia simu watoto.” Masikio yaliniwaka moto. Akasema atamwambia si hivyo tena, nami nisijali. Nisijali! Laiti angenitukana. Kuhusu Septemba akasema nafasi ni ya Jantine. Sikubisha. Nilisema asante, nikatoka, nikajifungia chooni mpaka wenzangu wote walipokwisha kuondoka.

Jumatatu, 12 Machi
Habari imesambaa. Kantini, mtu ninayemjua kwa sura tu kaniuliza eti mshale wa supu unatoka au unaingia. Nimeacha sinia palepale. Nikipita, watu wanakohoa. Aibu hii siibebi peke yangu! Nani anaisambaza? Ubbo? Nitajuaje?

Nitajua! Programu ninayo, na sasa inahesabu mishale sawasawa, nimeipitia Jumamosi yote. Nimetunga maswali mawili: Nani alikusimulia habari za Wiebe? Nawe ulimsimulia nani? Tutafuata mishale kinyumenyume mpaka kwenye kinywa kilichoanza. Marchien akashangaa nakala mia tatu za nini, idara haina hata watu ishirini. Nikamwambia ni za jengo zima, na jengo la jirani pia. Akasema, lakini wachumi wa ghorofa ya pili hawajasikia lolote. Nikamwambia utafiti haubagui.

Ila amenifumbua macho. Asiyeijua habari atajibu nini? Kwa hiyo juu ya kila karatasi, kabla ya maswali, nimekieleza kisa chote kwa kirefu: keki, sifuri, mzee mlangoni, choo. Na jina langu kamili, wasije wakanichanganya na mwingine.