Majike Hawaimbi

Jino ndilo lililompeleka Bwana Fursa kwa daktari wa meno, na mjusi ndiye aliyemtoa kabla hajatibiwa. Jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Fursa kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni, awe anauza sufuria zisizohitaji moto au maji ya kurefusha watoto. Siku hiyo shavu lilikuwa limemvimba, amelishika kwa kiganja, na alikuwa akitafuta namna ya kulikwepa koleo la daktari. Ndipo macho yake yakatua kwenye sanduku la kioo.

Ndani yake alilala mjusi mnene mwenye miiba shingoni, anaota joto la taa kama mwenyekiti wa kamati. Daktari, mtu mpole aliyempenda mnyama yule kuliko wagonjwa wake, alitoka na kopo, akafunua kifuniko na kudondosha nyenje mmoja mmoja. Nyenje hawahawa wanaotupigia kelele ukutani tukawasaka na kandambili. Mjusi akawameza bila hata kusema asante. Fursa akauliza, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye shavu bovu, kama wadudu hao walikamatwa bustanini. Daktari akasema hata kidogo, wa bustanini huenda wamepuliziwa dawa na wangemuua mnyama wake. Hawa ni wa kufugwa, na wenye mijusi mjini wanahangaika kuwapata.

"Unanunua wadudu," Fursa akasema polepole, ahakikishe amesikia. "Kwa fedha."

"Na wawe hai. Aliyekufa hamgusi. Haya, zamu yako imefika."

Fursa alikuwa ameshafika mlangoni. Maumivu ya jino ni kitu cha ajabu, ndugu zangu, huyeyuka ghafla mtu anaponusa jasho la mwenzake.

Aliishi chumba cha uani kwa shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mjane asiyependa maneno mengi. Shangazi alimpikia na kumfulia mashuka, naye alimlipa kwa ahadi. Ujanja katika ukoo ule ulikuwa kama upara, haukumruka mtu. Watu walidhani umemruka Shangazi kwa sababu tu hakuwa mpiga domo. Tuyaache hayo kwanza.

Fursa akaenda kwa mfugaji nje ya mji, akarudi na beseni zima la nyenje wakubwa, akakaa barazani kuwachambua kama mchele wenye mawe. Dume la nyenje husugua mabawa yake likaimba kutwa. Jike halina sauti, lina mkia mithili ya sindano ambao huuchomeka kwenye udongo mbichi na kutaga mayai. Madume akawapanga kwenye maboksi yaliyotobolewa matundu. Majike akawajaza ndoo, akamkabidhi Shangazi.

"Wape kuku, Shangazi."

"Wana kosa gani hawa?"

"Hawaimbi. Watu hawanunui kitu kisichopiga kelele."

Shangazi aliitazama ndoo, akauliza jambo moja tu: mnunuzi wa kweli wa wadudu hawa ni nani? Fursa hakuwahi kulinyima swali jibu, akamweleza habari zote za daktari na mjusi wake. Shangazi akaitikia "ehe", akaingia ndani na ndoo yake.

Niruhusuni niueleze mradi huu kwa heshima zote, maana uovu uliofanywa kwa akili haupaswi kusimuliwa ovyo. Fursa angeuza maboksi ya nyenje watu wakafuge majumbani, kisha aahidi kununua watoto wote watakaozaliwa, kwa bei nono. Na kwa kuwa kila boksi lilijaa madume watupu, asingezaliwa mtoto hata kiama kifike. Hakuna ahadi tamu kama ile ambayo hutadaiwa.

Aliuzindua mradi kwenye kibanda cha fundi cherehani, kwa sababu ndiko mtaa ulikokaa kupiga soga. Fundi alikuwa mama mwenye cherehani mbili, moja yake na nyingine ya binti yake aliyeanza kupata kazi za sare za shule. Walikuwepo pia kinyozi wa mlango wa pili na mwalimu mstaafu ambaye hakukosa mkutano wowote wenye viti. Fursa alifungua boksi, nyenje wakapiga kelele mpaka binti akasimamisha mshono. Akawaambia kelele hiyo ndiyo afya yenyewe, mfugo unaonyamaza ni mfugo mgonjwa. Mwalimu akasema siku nyingi alihisi kwamba maendeleo yatakuja kwa njia ya wadudu. Kinyozi akauliza kama wanauma, na kama wanakopeshwa.

Fundi peke yake hakucheka.

"Wakizaliana, halafu ukakataa kununua?"

"Dada yangu, siku nikishindwa kununua, chukua pikipiki yangu. Mbele ya hawa wote."

Mtaa ukaguna kwa heshima. Pikipiki ile nyekundu ndiyo kitu pekee ambacho Fursa alikipenda kwa dhati, aliifuta kwa taulo lake la uso. Kinyozi akajitangaza shahidi. "Ahadi ni deni," akasema, akatazama huku na huku kana kwamba msemo ameutunga yeye.

Wiki hiyohiyo fundi aliuza cherehani ya binti, akanunua maboksi mengi kuliko mtu yeyote. Binti hakulalamika. Alirudi kupinda nguo kwa mkono, na kazi za sare zikaenda kwa fundi mwingine. Hapo mimi sicheki, na ninyi msicheke.

Nyenje walikula pumba na maganda ya karoti, wakaimba, kisha wakaanza kufa kwa uzee, maana umri wa nyenje ni mfupi. Fursa alikuwa na maelezo kwa kila mteja. Mwalimu aliambiwa ameweka boksi karibu na redio, nyenje wamesikia taarifa ya habari wakakata tamaa ya kuzaa. Kinyozi aliambiwa ni jicho la jirani. Wote wawili wakanunua boksi jingine, kwa kuwa kuliwa mara mbili kulionekana nafuu kuliko kukiri kwamba uliliwa mara moja.

Fundi yeye alibeba boksi lake mpaka nyumbani kwa Fursa kuomba ushauri. Fursa hakuwepo. Shangazi alifungua boksi, akamgeuza nyenje mmoja kwa kidole, kisha mwingine, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hawa wote ni wanaume," akasema. "Umeuziwa kikao."

Fundi akakaa chini, akalia kwa ajili ya cherehani ya mwanawe. Shangazi akamwacha alie amalize. Kisha akamshika mkono, akafungua kufuli la stoo yake, wakaingia, na mlango ukafungwa kwa ndani. Fursa aliporudi jioni alisikia nyenje wakiimba upande wa stoo. Akadhani ni wa chumbani mwake. Kelele za mali yake mwenyewe zilikuwa zimemziba masikio.

Asubuhi aliyoamua kuhama mji ilikuwa nzuri. Alifunga begi nyuma ya pikipiki, akaipangusa taa kwa taulo, na hapo mkokoteni ukaingia getini. Ulikuwa na ndoo zilizofunikwa kwa vitambaa vya neti, kila kimoja kimepindwa ukingo kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Mbele alitembea fundi na binti yake. Nyuma walifuata kinyozi, wembe bado mkononi, na mwalimu.

"Nimeleta mzigo," fundi akasema. "Nimekuja kuuza."

Fursa alicheka, akaendelea kucheka mpaka neti ya kwanza ilipofunuliwa. Nyenje wakaruka. Wakubwa, wa kati, na wadogo kama punje za ufuta, wakatua begani kwake, kwenye kofia, juu ya tangi la pikipiki.

"Haiwezekani," akasema. "Wale niliowauzia..."

Akauziba mdomo kwa kiganja.

"Wale uliotuuzia walikuwaje?" kinyozi akauliza.

Shangazi alitoka na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye ngazi ili asikie vizuri. "Malizia, mwanangu. Tunakusikiliza."

Ndugu zangu, nimewahi kuona watu wamebanwa, lakini si kama vile. Kusema haiwezekani ni kukiri mbele ya wembe kwamba aliuza madume watupu. Kunyamaza ni kununua mkokoteni mzima. Alijipapasa mifukoni akijua kilichomo hakitoshi hata ndoo ya kwanza. Akatazama pikipiki yake, kisha akampa fundi ufunguo. Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.

Wengine walipokuwa wakisukuma pikipiki kutoka getini, alimnong'oneza Shangazi. "Si nilikwambia wale majike uwape kuku?"

"Kuku gani?" Shangazi akauliza. "Miaka yote unakula hapa, umewahi kuona kuku kwenye uwanja huu?"

Fursa akageuka, akautazama uwanja ule kwa mara ya kwanza. Palikuwa na kamba ya kuanikia, pipa la maji na vyungu vyenye udongo mbichi, walimotaga majike waliotoka kwa mfugaji tayari wana mayai, vilivyopangwa hadi mlango wa stoo. Hapakuwa na hata unyoya wa kuku.

Pikipiki ikauzwa, cherehani ikarudi, na binti akarudi kwenye sare zake. Fundi na Shangazi wakawa wauzaji wa nyenje wa mji mzima. Mwalimu na kinyozi nao wakapewa majike, tena kwa bei kali, na hakuna aliyeweza kupunguziwa kwa sababu Shangazi alipoulizwa bei aliitaja mara moja, akanyamaza.

Fursa akabaki na chumba chake cha uani, na jino. Jino lilirudi siku ileile, pamoja na maumivu yote liliyokuwa limemwekea. Shangazi akamkabidhi kopo, akamwambia ampelekee daktari, atembee kwa miguu.

Daktari alilipokea kopo, akamlisha mjusi, akanawa mikono na kumwelekeza Fursa kwenye kiti kirefu chenye taa. Fursa akaanza kueleza kwamba leo amekuja kama msambazaji tu, na kwamba kuna fursa kubwa sana katika...

"Shangazi yako ameshalipia," daktari akasema, akachukua koleo. "Kwa nyenje. Fungua mdomo."

Bwana Fursa akaufungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake halikutoka neno.