Makayabo, Beseni na Inspekta

Wenzangu, leo nimejiaibisha mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Ndiyo kwanza nafika nyumbani, viatu vimejaa matope, chai haijachemka, na nawaandikia kabla hamjasikia kwa mwingine. (Maana mtasikia. Hapa kwetu habari hupanda kilima haraka kuliko pikipiki.)

Mnajua nafundisha darasa la tano. Mnajua pia kwamba huu ni mwaka wa nne nafundisha bila namba ya serikali. Bila namba wewe ni mwalimu wa huruma ya wazazi. Wakipenda upo, wasipopenda unarudi kulima maharagi. Ili uipate, lazima inspekta akae nyuma ya darasa lako, asikilize somo zima, kisha aandike ripoti nzuri. Kwangu alishakuja mara mbili. Mara zote mbili aliandika kosa moja: somo halikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Huyu baba hapendi mchoro ubaoni. Ukifundisha mahindi, lete mahindi. Ukifundisha mbuzi, mbuzi na aingie darasani. Mara ya mwisho nilifundisha moyo wa mwanadamu, nikauchora kwa chaki nyekundu, akaninyima maksi kwa sababu nimechora. (Alitaka nilete wa nani?)

Sasa jana direkta wetu, yaani mkuu wa shule, akatutangazia kwamba inspekta anakuja kesho, na somo langu limeshachaguliwa: wanyama wa baharini.

Baharini! Sisi wa Masisi! Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Ziwa Kivu, na nimeliona mara nne. Ningeambiwa ng'ombe, ningeleta kumi. Ningeambiwa jibini, ningeleta ya mjomba wangu na kisu juu yake. Nyangumi ningemtoa wapi?

Basi jana jioni nikakaa na simu, nikasoma. Nikasoma mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Jamani, baharini kuna mambo. Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu. Pomboo akilala, nusu ya ubongo inalala na nusu inakesha, kama mlinzi wa stoo. Kuna kasamaki kanaitwa farasi wa bahari, na kwa hao ni baba ndiye anayebeba mayai tumboni mpaka watoto watoke. Nilifurahi sana. Nilisahau kabisa kwamba nina shida.

Ndipo nikafika kwenye samaki bapa. Huyo huzaliwa kama samaki wengine, jicho moja huku na jingine kule. Akikua kidogo, jicho moja linahama taratibu, linavuka kichwa na kwenda kukaa na mwenzake upande mmoja. Kisha mwenyewe anajilaza chini kabisa ya bahari, mpana, bapa, anaangalia juu maisha yake yote.

Nikajipiga paja. Huyu namjua! Huyu ni makayabo!

Kwa wale wenzetu walio mbali: makayabo ni samaki wa chumvi anayetufikia kwa lori. Ni mkavu, mpana, bapa kama kibao cha kukatia nyama, na hana kichwa. Kwamba anatoka baharini, hilo kila mtu analijua. Mimi nimemla tangu utoto kila Noeli, na sijawahi kumwona akiwa na umbo jingine. Ningejuaje? Nikajiuliza tu, kichwa huwa kinakwenda wapi? Jibu likaja lenyewe: samaki mwenye macho yote upande mmoja anatisha wateja, kwa hiyo wanakikata njiani. (Mtu akishakuwa mwalimu, hakosi jibu. Ndiyo ugonjwa wetu.)

Asubuhi na mapema nikawa mlangoni kwa Mama Masika, yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka karibu na parokia. Alikuwa na makayabo mmoja tu, wa mwisho, na akasema ameshaagizwa na mtu. Nikamweleza habari ya namba yangu. Nikamweleza miaka minne. Nilipofika kwenye kuomba kwa jina la Bikira Maria, akamtoa, akanifungia kwenye gazeti.

"Madame, hii iko na mwenyewe," akaniambia. "Saa ine iwe imesharudi. Na isiguswe sana."

Nikaapa.

Saa mbili na nusu inspekta akaingia, shati jeupe, kitabu chake cha ripoti kwapani, direkta nyuma yake akitabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Wakakaa benchi ya mwisho. Nikaanza.

Na nilifundisha, wenzangu, sitaki kujisifu lakini nilifundisha! Niliposema mioyo mitatu, darasa zima lilishika vifua kuhakikisha wana mingapi. Niliposema nyangumi si samaki, kwamba anapanda juu kuvuta hewa na ananyonyesha mtoto wake kama ng'ombe, vidole vikapanda kila upande. Nilipofika kwa farasi wa bahari, Furaha, msichana wa benchi ya mbele, akataka kujua kama mama wa watoto hao naye hubeba chochote. Nikamwambia anampa baba mayai, kisha anaenda zake. Wasichana wakapiga makofi. Inspekta akacheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Nikaona namba yangu ya serikali inakaribia. Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza.

Nikachukua beseni la kunawia mikono, nikalijaza maji, nikaliweka juu ya meza. Nikafungua gazeti polepole. Darasa likavuta pumzi, kisha likajuta, maana makayabo harufu yake mnaijua. Nikamwinua juu kwa mikono miwili kama padri.

Nikawaambia huyu ni mnyama halisi wa baharini. Nikawaeleza jicho linavyohama. Nikawaeleza anavyolala chini, bapa, akingoja chakula kipite. Nikamtumbukiza kwenye beseni waone kwa macho yao.

Akaelea.

Nikamsukuma chini kwa kidole. Akapanda. Nikamsukuma kwa viganja. Akapanda tena, na maji yakanirukia usoni.

"Madame, mbona inapanda?" inspekta akauliza kutoka nyuma.

"Ni juu ya vile ilishakufa, Bwana Inspekta," nikasema. "Yenye iko hai haipandake."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Mimi nikachukua jiwe la kuzuia mlango, nikamwekea mgongoni. Akatulia. Akawa samaki bapa wa kweli, wa chini ya bahari, mwenye jiwe.

Akauliza tena habari ya kichwa. Nikatoa lile jibu langu la wateja kutishika, kwa sauti kubwa na bila aibu yoyote. Akaitikia tena. Safari hii akaandika kwa muda mrefu, na nikamwona akipiga mstari chini ya alichoandika. Direkta akaninyooshea kidole gumba.

Kwa furaha nikaharibu zaidi. Nikasema kila mtoto apite aguse, maana inspekta anapenda vitu vya kushika. Wakapita wote hamsini na wawili. Wa nane akalamba kidole, akatangaza kwamba bahari ina chumvi kweli. Basi! Kuanzia hapo hakuna aliyegusa bila kulamba, na wengine waliona kidole kinawachelewesha, wakainamia beseni moja kwa moja. (Tuseme ukweli, watoto wa kwetu chumvi wanaipenda.) Mwisho akaja inspekta mwenyewe. Akachovya kidole, akaonja, akasema kwa heshima kubwa kwamba sasa somo limekamilika, akarudi kukaa.

Saa nne ilishapita zamani. Sikuiona.

Mlango ukafunguliwa. Mama Masika amesimama, kitenge amekifunga kwa vita, mkononi ana katoni tupu ya kumbebea samaki wake. Akatuangalia sisi. Akaangalia beseni. Akaangalia jiwe.

"Madame," akasema polepole. "Uliniapia kwa Bikira Maria."

Nikajaribu kumsogeza nje kwa upole, nikimnong'oneza kwamba inspekta yupo, tungoje kidogo. Akasema hawezi kungoja, nyumbani kwa mwenye samaki wametuma mtu mara mbili, chungu kiko motoni, na makayabo anahitaji kulowekwa saa nyingi ndipo aliwe na mgeni.

"Mugeni gani?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

Mama Masika akanyoosha kidevu kuelekea benchi ya mwisho. Kwa inspekta. Direkta ndiye aliyekuwa ameagiza, chakula cha mchana cha mgeni wa heshima. Nikamwangalia direkta. Yeye aliangalia dari, na darasa letu halina dari.

Ingekuwa hiyo ndiyo aibu yenyewe, ningepata nafuu. Mama Masika alipoinama kumtoa samaki, alisimamisha katoni juu ya meza yangu, upande wa picha ukielekea wanafunzi. Ile katoni imekaa dukani kwake miaka yote. Mimi nimenunua vitunguu vilivyopangwa juu yake. Sikuwahi kuigeuza.

Furaha akanyoosha kidole. "Madame, hii ya hapa iko na kichwa."

Nikageuka. Kwenye katoni palikuwa na samaki amechorwa, mzuri, mnene, wa duara kama samaki yeyote wa ziwani. Ana kichwa. Ana jicho lake mahali pake, na hata kindevu kidogo chini ya mdomo. Mama Masika akatutazama mmoja mmoja asielewe tatizo letu.

"Si ndio makayabo yenyewe," akasema. "Banaipasuaka tumbo, banaitandika sawa kitabu, banaiweka chumvi. Muliwaza iko inatembea hivi?"

Macho yote kwangu, kisha kwenye ubao, ambako nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: MAKAYABO HULALA CHINI YA BAHARI, MACHO YOTE YAKIWA UPANDE MMOJA. Walikuwa wameshanakili. Wengine kwa wino.

Nikafikiria miaka minne. Nikafikiria jembe. Ningeweza kusema kwamba kuna makayabo wa aina mbili, na nusu yangu ilitaka sana kusema hivyo. Lakini Furaha alikuwa ananingojea na kalamu yake hewani, anaamini chochote nitakachosema. Nilishindwa.

"Batoto, Madame alikosa," nikasema. "Ule samaki wa macho upande moja iko kweli. Lakini haiko makayabo. Mufute."

Nikafuta ubao kwa mkono, sikukumbuka hata kitambaa. Mama Masika akambeba samaki wake, maji yakichuruzika mpaka mlangoni, akasema angalau ameshaanza kulainika. Nyuma kule inspekta alikuwa ameinamia kitabu chake cha ripoti. Hakuandika. Hakuinua kichwa.

Mchana tukaitwa kwa direkta kula. Mimi nilitaka kusingizia homa, lakini mke wa direkta alikuja kunishika mkono mwenyewe. Sahani ikaletwa: makayabo na sombe ya majani ya muhogo, ugali pembeni. Tuliokuwa tunajua amepitia wapi tulikuwa watatu. Direkta akashukuru Mungu kwa sala ndefu kuliko ya Pasaka. Inspekta akamwangalia samaki. Akaniangalia mimi. Kisha akakata kipande, akala, akaongeza. Alikuwa bado na chumvi nyingi. Watoto walijitahidi lakini hawakuimaliza.

Tulipotoka nje inspekta akaniita kando, karibu na pikipiki yake. Nikajiandaa kusikia habari ya jembe. Akakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua kitabu cha ripoti na kunionyesha ukurasa. Pale kwenye habari ya jicho na kichwa alikuwa ameandika: "Maelezo ni sahihi kabisa. Mwalimu anayajua vizuri." Na chini yake mistari miwili. Kwa kalamu ya wino, nakala tatu, karatasi za kaboni katikati.

"Madame," akasema kwa sauti ya chini, "makayabo ninaikula tangu nilikuwa mutoto. Mimi pia nilijuaka inalala vile."

Sikujua nicheke ama nilie. Nilicheka, naye akacheka, tukashikilia pikipiki tusianguke. Halafu akaongeza maneno chini ya ukurasa mbele yangu: kwamba somo lilikuwa na kitu halisi, na kwamba mwalimu alisahihisha kosa lake mbele ya wanafunzi bila kusukumwa. Akaandika "Vizuri sana", akapiga muhuri palepale juu ya kiti cha pikipiki. Faili langu linakwenda, wenzangu. Linakwenda! Miaka minne!

Akanisihi jambo moja tu kabla ya kuwasha pikipiki: hii ya jicho ibaki kati yetu wawili, asisikie mtu mwingine.

Nikamwahidi kwa jina la Bikira Maria. Kwa hiyo naomba sana muitunze siri hii, sisi wote mia mbili na kumi tulio humu kundini.