Wimbo Wako Una Furaha Kupita Kiasi

Cimpunda, Bukavu, Jumatatu

Kwa Bwana Chrispin, mwanamuziki

Bwana,

Salamu kwanza, na pole na kazi za studio. Mimi ni Benoît Zagabe, mzee wa miaka sitini na minane, niliyepima mvua kule kituo cha utafiti cha Lwiro kwa miaka thelathini na mmoja. Nakuandikia kwa heshima zote nikuombe uupunguzie furaha wimbo wako mpya, huu unaopigwa kila mahali tangu Pasaka.

Jumamosi iliyopita nilimwoza binti yangu mkubwa, Aimée, katika ukumbi mmoja wa Ibanda. Desturi yetu unaijua. Bibi arusi anaingia polepole, kichwa chini, uso wa huzuni, ili watu wote waone kwamba kuwaacha wazazi kunamuuma. Mama yake aliingia hivyo mwaka 1984, na mpaka keki inakatwa hakuna aliyeyaona meno yake. Aimée alifanya mazoezi wiki mbili mbele ya kioo. Dijei akaweka wimbo wako, na mtoto akacheka. Wala si kutabasamu, Bwana. Alicheka mdomo wazi, akacheza, akafika kwenye kiti chake kabla mpiga picha hajajipanga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kasi. Nimeipima kwa saa yangu ya mkono: mapigo mia moja ishirini na sita kwa dakika. Bibi arusi mwenye adabu anatembea kwa arobaini na manane. Toka mlangoni hadi kitini nilikuwa nimejiwekea dakika kumi na tano za kumtazama mwanangu akiwa bado wangu. Nilipata mbili.

2. Ufunguo. Mpwa wangu Emile alinionyesha kwenye simu ukurasa unaopima nyimbo kama mimi nilivyopima mvua. Umeandika: re majeur, yaani sauti ya kuchangamka. Majeur, siku ya kuagana! Mineur, zile za huzuni, ziko tele, na hazilipiwi.

3. Ukurasa huohuo unasema: kuchezeka, asilimia tisini na moja, furaha, asilimia tisini na sita. Katika daftari zangu zote za Lwiro sikuwahi kuandika kipimo cha namna hiyo, hata mwezi wa Novemba, mvua inapozidi.

4. Makofi. Umeyaweka katikati ya wimbo bila kumwonya mtu. Yalimwinua tantine Adélaïde, shangazi wa watoto, ambaye kwa goti lake hata kanisani husali akiwa ameketi. Yalipokwisha, mama wa bwana arusi, Maman Georgette, akaniuliza mbele ya meza nzima: "Papa Aimée, huyu mutoto anafurahi sana kutoka kwako. Mulikuwa munamukosesha nini?" Nimelala siku mbili na swali hilo na linaniuma.

5. Mdogo wake, Bintu, anaolewa Agosti. Ameshatangaza, akiosha sahani, kwamba ataingia na wimbo uleule. Mabibi arusi wawili wa nyumba moja wakicheka, kartiye nzima, mtaa wote, itasema kwa Zagabe watoto wanakimbia.

Kwa hiyo naomba utoe toleo jingine kabla ya Agosti: mapigo arobaini na manane, mineur, bila makofi, furaha isizidi asilimia kumi na tano, na urefu wa dakika kumi na tano kamili. Ukikataa nitamwandikia mkuu wa kartiye, kisha paroko, kisha huo ukurasa wenyewe wa vipimo.

Nisalimie wapiga gitaa wako, fundi wa studio, na mama aliyekuzaa. Mwambie yeye simlaumu.

Ni mimi, mzazi uliyemharakisha,

Benoît Zagabe

T.B. Kabla sijafunga bahasha, Aimée amepiga simu toka Uvira, kwa mumewe, nami nikamuuliza kwa nini alicheka. Amenijibu: "Papa, niliinamisha kichwa bien, muzuri kabisa. Nikaangalia mbele, nikaona ni weye unacheza, na machozi iko inatoka. Ningefanya nini?" Nimemwambia si kweli. Emile ameleta video, nimeiangalia mara tisa. Bibi arusi bado yuko mlangoni, uso wa huzuni kabisa, na mabega ya kwanza kutikisika ukumbini ni yangu. Basi Bwana, usiguse kasi, usiguse majeur, na makofi yaache palepale. Ila zile dakika kumi na tano bado naziomba.