Kitabu Changu cha Njugu

Jamani, leo nimeadhirika. Tena dukani kwangu mwenyewe, tepu ya kupimia shingoni, mbele ya wateja. Nawaandikia kutoka kafe ya intaneti hapa Mlandege na uso bado unanichoma. Nimeona bora mnisikie mimi kwanza kabla hamjamsikia Sefu, yule jirani yangu muuza vifungo. Intaneti hana, lakini mdomo anao.

Mnaikumbuka ile mada yetu humu jukwaani, kila mtu aseme anasoma kitabu gani sasa hivi na anakionaje. Nyote mlikuwa na vitabu. Nasri huko Maskati ana kabati zima. Bi Asya wa Dubai anasoma viwili kwa pamoja (sijui anavishika vipi). Mimi fundi cherehani, niliyeacha shule darasa la sita, sikuwa na la kusema. Niliona haya, na sikupenda kuona haya. Ndipo nikawaletea habari za Salma.

Na Salma mlimpenda, msikatae. Wiki tano nzima mnaniuliza, "Haji, Salma amefikia wapi?" Nami nikiwajibu kwa maringo, kidogo kidogo, kama mtu mwenye kabati lake. Kumbe kuna jambo sikuwaambia. Kitabu changu hakina jina wala mwandishi. Kinatoka kwa Bi Mize.

Bi Mize anauza njugu za kukaanga pembeni ya duka langu, na huzifunga kwenye karatasi za vitabu vikuukuu. Siku moja nilimaliza njugu, nikaisoma karatasi. Msichana anaitwa Salma alikuwa akidarizi foronya za harusi yake huku analia. Analilia nini? Karatasi imekwisha. Nikanunua njugu nyengine. Ndivyo nilivyoanza. (Nimenenepa. Sasa mnajua sababu.)

Kila karatasi niliipaka unga wa chaki inyonye mafuta, nikaipiga pasi. Nikazipanga kwa nambari zake. Palipotokea arubaini mbili, niliziweka zote mbili. Kisha nikazishona kwa cherehani, uzi mweusi, mshono wa kurudia, na jalada nikatia la kipande cha kitenge kilichobaki. Karatasi mia na kumi na mbili. Nimeshona magauni ya maharusi mjini hapa, lakini sijawahi kushona kitu nikakipenda namna ile.

Kweli kulikuwa na mambo. Ukurasa wa thelathini Salma hathubutu kumtazama mwanamume usoni. Wa thelathini na tatu ana bastola mkobani na anawafukuza watu wa magendo ya karafuu. Wa hamsini na nane amekufa. Wa tisini na moja anampikia mkwewe pilau. Mliniuliza, nami nikawajibu bila haya kwamba mwandishi huyu ni wa kisasa, anakwenda mbele na kurudi nyuma makusudi, na msomaji mwenye pupa hamuwezi. Nasri akaniomba radhi.

Halafu ile karatasi ya bomba. Ilikuwa ndogo, ya njugu za mwisho wa sinia, imechanika juu na chini. Niliwanakilia yote humu: "Bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa tatu. Bomba la pili linalimaliza kwa saa tano. Mabomba yote mawili yakifunguliwa pamoja, je," basi. Nyuma yake mna pembetatu tupu, nikasema ni paa la nyumba ya Salma. Nikawaeleza kwamba tangi ni moyo wake, na bomba la pili ni mume. Kwamba tangi lile halitajaa maisha. Nasri akaandika kurasa mbili za uchambuzi. Bi Asya akasema amelia.

Sasa leo. Asubuhi, wateja watatu wamekaa, Sefu yuko mlangoni anajidai kuniuzia zipu. Akaingia Mwalimu Rukia kuja kupimwa buibui. Mwalimu Rukia ndiye aliyenisomesha hesabu utotoni, Jang'ombe. Amestaafu zamani na sasa anakaa Mji Mkongwe, lakini akiingia mahali mimi bado huficha mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haji, nnaambiwa siku hizi umekuwa msomaji."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningesema "kidogo kidogo tu, mwalimu," nikampima mabega, akaenda zake. Lakini mtu aliyekuona huna kitu utotoni, ukampata siku una kitu, utanyamaza vipi?

"Naam, mwalimu. Nnasoma riwaya moja nzito," nikasema. Nikazima cherehani. Nikasimama. Nikamhadithia Salma wote, wa foronya na wa bastola, kufa kwake na kupika kwake. Wateja kimya. Sefu kimya, na hilo si jambo la kila siku. Nikafika kwenye bomba, nikalisoma kwa sauti ya huzuni, na lile "je" nikaliacha lining'inie. Nikawaambia, "Angalieni mwandishi alivyo fundi. Anatuuliza, halafu hatujibu."

Mteja mmoja akashusha pumzi. Mwalimu Rukia akavaa miwani.

"Hebu nkione hicho kitabu."

Nikakitoa kwenye mtoto wa meza na kumkabidhi kwa mikono miwili. Akafungua, akageuza karatasi moja, ya pili, ya kumi. Akanusa.

"Mbona kinanuka njugu?"

Sefu akacheka kwanza. Nikajua mambo yameharibika.

"Haji," akasema mwalimu, taratibu, kwa ile sauti yake ya ubaoni, "vitabu hivi vilikuwa vyangu. Vimeingia mchwa, nkampa Bi Mize makasha mawili afungie njugu zake. Na humu mna vitabu vitatu. Huyu Salma mwenye foronya ni mmoja. Huyu mwenye bastola ni mwengine kabisa, hawajuani. Na hii ya bomba si riwaya. Hii ni hesabu ya darasa la sita."

Nikasema, "Hesabu?"

"Hesabu. Nlikupa mwenyewe kwenye mtihani. Ukapata sifuri. Asubuhi yake ukatorokea kwenye cherehani ya ami yako, na shule hukurudi tena."

Jamani. Wale wateja walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi. Sefu aliangusha kopo la vifungo na hakuviokota, alikaa chini katikati yake akicheka. Kutoka nje nikamsikia Bi Mize anauliza, "Kwani Haji kafanya nini?" na mtu akamwambia. Nikawa nimekamata tepu naikunja na kuikunjua. Miaka yote ile nimeikimbia hesabu ile, na wiki tano hizi nimeibeba mkononi, nimeipaka chaki, nimeipiga pasi, nimewaliza nayo watu wa Dubai.

Nikaona haya ile ile ya darasa la sita. Nilitamani anirudishie kitabu nikitupe.

Lakini mwalimu hakukirudisha. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono.

"Umekishona wewe?"

"Naam, mwalimu."

"Ushazisoma zote?"

"Nshazisoma. Nyengine mara tatu."

Akalipapasa lile jalada la kitenge. Akasema, "Nimesomesha watoto wengi, wana vyeti vyao ukutani. Aliyenishonea kitabu simjui mwengine." Kisha akakifunga na kukitia mkobani. "Nnakwenda nacho. Ukileta buibui alasiri uje na jibu la tangi. Usipojibu, na Salma humpati."

Mnanijua. Ningeweza kwenda kumuuliza mtu. Sikwenda. Nilikata buibui huku nafikiri, na chaki mkononi. Saa tatu, saa tano, kichwa kikanizunguka kama zamani. Halafu nikaitazama tepu. Nikasema, ngoja, tangi hili nilifanye kitambaa. Nikapima inchi kumi na tano, kwa kuwa tatu inaingia na tano inaingia. Bomba la kwanza linaleta inchi tano kila saa. La pili linaondoa tatu. Kila saa zinabaki inchi mbili. Nikazihesabu mbili mbili kwenye tepu mpaka mwisho, nikaandika jibu pale pale, nikarudia mara nne kwa kutojiamini. Jibu halikubadilika. Nilikaa nikalitazama, na nawaambia kweli, machozi yalinilenga.

Alasiri nikapeleka buibui. Mwalimu akalivaa, akanyoosha mikono kutazama urefu, akasita. Akasogea dirishani. Kumbe nilikuwa nimepiga hesabu yote kwenye mkono wa kushoto wa buibui lake, chaki nyeupe juu ya kitambaa cheusi, na sikuifuta. (Ndiyo, nimeadhirika mara ya pili siku moja.) Akaisoma kuanzia begani mpaka kwenye kiganja. Akachukua kalamu yake nyekundu, akafungua kitabu changu kwenye ile karatasi ya bomba, akatia alama ya vema pembeni ya "je". Kisha akanirudishia kitabu, na akanieleza kwa kinywa chake kwamba Salma wa foronya alikuwa akilia kwa sababu aliachishwa shule aolewe, na mwisho wake alirudi.

Basi hizo ndizo habari zangu. Ninachosoma sasa hivi, na ninachokifurahia, ni vitabu vitatu kwa pamoja, Bi Asya, nami navishika vizuri tu, maana nimevishona. Nasri, zile kurasa zako mbili zifiche.

Na msinicheke. Tangi linajaa. Saa saba na nusu, nimelipima mwenyewe.