Panya wa Dokta Stefano

Redio ya Sultani haifanyi kazi mpaka betri zianikwe juani kwanza, lakini mwenyewe hutangaza kama kituo ni cha baba yake. Asubuhi ile, pale kwenye banda la Jumanne Spoku, fundi baiskeli wetu hapa Chiungutwa, Sultani aliizima kabisa ili tumsikilize yeye.

"Wataalamu wamepima damu ya panya," akasema. "Sasa wanajua mbuga za Afrika zilivyokuwa enzi hizo, binadamu hajaota hata mkia."

"Safi sana," Jumanne akajibu, huku anapiga msasa mpira wa baiskeli yangu. "Viwanda vya korosho vimeuzwa, mnunuzi binafsi anatupimia kwa kopo analolitaka yeye, na wasomi wetu wanamhoji panya. Soko huria tamu."

"Panya anajuaje mambo ya zamani?" nikauliza.

"Yeye hajui, damu yake ndiyo inajua," Sultani akasema. " Panya wa majani hakanyagi msituni. Msitu ukiota katikati, wa huku na wa kule wanaachana, na damu zao zinaachana. Msitu ukikauka, majani yakaungana, wanaoana tena. Kwa hiyo ukisoma damu unajua mbuga ilipanuka lini, ikakatika lini."

"Basi kati yangu na mashemeji zangu wa Newala kuna msitu," Jumanne akasema. "Ambrosi, si kweli?"

Ambrosi Mitego alikuwa ameinama, kahawa imempoa mkononi. Tangu Dokta Stefano wa mjini amchukue kumtegea panya wa utafiti, kijiwe kizima kilikuwa hakilali kwa maringo yake. Dokta alimuahidi kwamba panya aliowatega kule Chiwata wakifika mjini salama, na yeye atapanda gari, awe msaidizi msimu mzima.

"Bwana Msaidizi," nikamwita, "panya wa Chiwata wanasemaje?"

"Wameliwa."

"Na paka?"

"Na Dokta."

Jumanne akaweka msasa chini.

"Nilining'iniza kizimba jikoni, paka wasifike," Ambrosi akasema.

"Umeweka panya wa shambani jikoni? Kwa mwanamke wa Kimakua, ambao panya kwao ni kitoweo?" Jumanne akauliza.

"Jana mchana Dokta akaja kula. Mke wangu, Mama Somoe, akaona aibu kumpa mgeni wa mbali kisamvu kitupu."

"Sasa mama wa watu kakosa nini? Panya akishaingia jikoni ni mboga. Mimi ningeuliza chumvi iko wapi."

"Dokta alijua anakula panya?" nikauliza.

"Alijua. Alilamba na vidole. Hakujua tu kwamba ni wa kwake. Na mimi nimeshawaaga wakwe. Shamba nimemwachia mdogo wangu. Nikibaki hapa uso nauficha wapi?"

Sultani akamsogelea. "Tega wa hapa hapa, sema wa Chiwata. Nani atawatofautisha?"

"Damu," nikamwambia. "Si umetoka kututangazia wewe."

Sultani akajifanya anatafuta betri.

Gari likasimama. Dokta Stefano akashuka, amenawiri kama bwana harusi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Dokta. Karibu."

"Ahsante, sikai. Ambrosi, nina mambo mawili. Wale panya wa Chiwata wako wapi, tuondoke? Na la pili, Mama Somoe hajabakiza ile mboga ya jana? Nataka nile njiani."

Ambrosi akatutazama. Mimi nikatazama baiskeli yangu.

"Dokta," Jumanne akasema taratibu, "uliza moja tu. Jibu ni hilo hilo."

Dokta akasimama. Akamwangalia Ambrosi, kisha mkono wake ukashuka polepole mpaka tumboni.

Ambrosi akaweka kikombe chini, akaokota mfuko wake wa nguo.

"Kwa hiyo Dokta, panya wanafika mjini salama," akasema. "Mimi nipande mbele au nyuma?"