Gari la Nyuzi Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena hospitali. Mke wangu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa kuwa figo zake zimestaafu kabla yake. Maneno hayo ni yake, si yangu. Kwenda dakika arobaini, kurudi arobaini. Asubuhi jua linampiga upande wake mpaka jasho linamtoka. Mchana, akitoka kwenye mashine, anatetemeka. Nimemweleza sababu: damu hutoka mwilini, huzunguka kwenye mirija, hurudi imepoa. Akanijibu kwamba anajua, damu ni yake.

Tulipofika nyumbani alisema neno zito. Kwamba safari inamchosha kuliko mashine, na hajui ataendelea nayo mpaka lini. Daktari alishatuambia wazi: akiacha, ni wiki mbili, labda tatu. Nimejilaza chali saa nzima nikilipima neno hilo. Basi tatizo ni safari. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na nne na ninajua hili: tatizo likishatajwa vizuri, nusu yake imekwisha.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayekaa nasi tangu Januari, amelitatua kwa blanketi. Amelileta mpaka mlangoni, la zambarau, limekunjwa vizuri. Blanketi. Katika karne hii.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kazi. Kwa ufupi: gari letu lina maji ya moto yanayotoka kwenye injini, lina kiyoyozi cha kuleta baridi, na kati yao kuna kijimlango kinachochanganya hewa hizo mbili. Kijimlango hicho huendeshwa na mkono wa dereva, yaani kwa kubahatisha. Mimi nitafunga kompyuta ndogo, haizidi kiberiti, isome kipima joto na kukiamuru kijimlango kwa mota. Lengo ni nyuzi ishirini na nne, kwenda na kurudi. Nani atachoka katika nyuzi ishirini na nne?

Nimemwita fundi umeme wa magari. Tunamwita Waya Mbili, maana kwake kila ugonjwa wa gari ni waya mbili zimegusana. Alichungulia chini ya dashibodi, akauliza kwa nini mzee nisizungushe swichi tu kama watu wengine. Nilimweleza kwa dakika ishirini. Akasema kweli elimu haina mwisho, akatazama saa.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Kipima joto nilikibandika juu ya dashibodi. Jua likakipiga, kikasema nyuzi arobaini na moja. Kompyuta, iliyo tiifu kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kuwa naye, ikampulizia mke wangu baridi kali njia nzima. Kuizima nilishindwa. Swichi ya zamani nilikuwa nimeing'oa.

Alishuka meno yakigongana. Akasema si kitu.

Jioni Shemeji aliniuliza kama dada yake nampeleka hospitali au buchani. Kila mvumbuzi ana mtu wake wa kumrudisha nyuma, na wangu ananipikia.

Ijumaa, 7 Machi

Kipima joto nimekihamishia kivulini, nyuma ya kiti changu. Tatizo jipya. Kompyuta ikihisi baridi hufungulia joto lote. Joto likikifikia kipimo limeshapita kiasi, basi hufungulia baridi yote. Ni kama mtu anayeoga kwa bomba ambalo maji yake ya moto yanatoka mbali: anazungusha, anangoja, anazungusha zaidi, anaungua. Tulikwenda hivyo, moto, baridi, moto, baridi, mara kumi na tisa.

Mke wangu akasema gari limepata malaria. Akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. Nikamweleza kwamba mfano huo si sahihi, kwa sababu homa ya malaria hupanda na kushuka kwa saa nyingi, na sisi tulikuwa tunabadilika kila dakika mbili. Akaacha kucheka.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Hajacheka namna ile tangu mwaka jana. Sijui alicheka katika nyuzi ngapi, maana kompyuta ilikuwa bado haijaanza kutunza kumbukumbu. Kosa langu. Nimelirekebisha.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema kuliko zote. Nilikuwa uani, ndani ya gari, injini inanguruma, nafundisha kompyuta kufungua kijimlango kidogo kidogo. Mke wangu akatoka ndani akitembea kwa kushika ukuta, akafungua mlango, akaketi upande wake. Akasema, mume wangu, nataka tuzungumze habari ya safari hizi. Nikamwambia angoje, nahesabu. Akasema atangoja.

Nilipomaliza kuhesabu alikuwa ameegemeza kichwa kiooni, amefumba macho. Sikumwamsha. Dakika ishirini na mbili, na kipimo hakikutoka nyuzi ishirini na nne hata mara moja! Nilipotaka kumwonyesha, alikuwa amefumbua macho muda mrefu tu, ananitazama. Nikamuuliza alitaka kusema nini. Akasema itakuwa siku nyingine, akanipangusa grisi shavuni kwa kidole gumba.

Habari ya safari hizi. Bila shaka ameona mabadiliko.

Jumatatu, 10 Machi

Kipimo ni kitu kimoja, hisia za abiria ni kitu kingine. Mwalimu mzuri hulikubali hilo. Kwa hiyo nimemfungia mke wangu vitufe vitatu karibu na mkono wake: JOTO, BARIDI, SAWA. Kila anapobonyeza, kompyuta inaandika. Nimemweleza matumizi yake asubuhi, nikarudia njiani, nikarudia tena kwenye mataa. Akabonyeza SAWA.

Blanketi nimelificha kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Si kwa ubaya. Mtu aliyefunikwa haipimi hewa, anapima blanketi. Shemeji alilitafuta nyumba nzima. Akanitazama. Nikamshauri aangalie kwenye kamba ya nguo.

Kurudi, mota ilikwama upande wa joto. Nilifungua vifungo vitatu vya shati. Upande wangu wa kiti ulilowa. Mke wangu alikuwa ameshika mfuko wake mapajani.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma kumbukumbu. Sielewi. SAWA mara arobaini na moja. JOTO, sifuri. BARIDI, sifuri. Juzi, mota ilipokwama na ndani mkawa na nyuzi thelathini na nane: SAWA, SAWA, SAWA. Leo asubuhi feni ilipokufa kabisa: SAWA. Nimelinganisha saa zenyewe, na kuna jambo dogo la ajabu: kila mara alibonyeza nilipokuwa katikati ya kumweleza kitu.

Nimeamua vitufe ni vibovu. Nikamrudia Waya Mbili. Akavipima kimoja kimoja, akasema ni vizima. Nikangoja aseme waya mbili zimegusana. Hakusema. Akajifuta mikono polepole, akasema, mzee, kwani mama mwenyewe ukimuuliza anasemaje. Nikamwambia kuuliza si kupima. Tena wahenga walishasema, mgonjwa haulizwi uji. Akanijibu kwamba wahenga hao hawakuwa wakimpikia uji ndani ya gari, akafunga sanduku lake la vifaa. Kijana mwenyewe hata kidato cha nne hakumaliza.

Ijumaa, 14 Machi

Niliwasha gari saa kumi na mbili na nusu. Likafika nyuzi ishirini na nne kwa dakika sita, na likatulia hapo. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo. Nikapiga honi.

Alitoka Shemeji, amevaa kanga begani, akasema dada ananiita ndani.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, hajavaa viatu. Akasema leo haendi. Jumatatu pia hatakwenda. Amekwisha kuzungumza na daktari kwa simu, na daktari amemwelewa. Akasema hajawahi kuchoshwa na joto wala baridi. Amechoka yeye. Miaka mitatu ya sindano na mirija, imetosha. Akasema alijaribu kuniambia Jumapili ile.

Nikamuuliza, na vitufe je. Alitabasamu. Akasema alikuwa akibonyeza SAWA kwa sababu nilikuwa nafurahi, na nikifurahi nilikuwa nanyamaza kidogo, akapata kuangalia barabara. Akasema siku zilizobaki anataka tuwe pamoja hapa barazani, mimi nisitengeneze chochote, tukae tu.

Shemeji alikuwa amegeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikapima joto la chumba. Ishirini na saba! Nani hatakata tamaa katika chumba cha nyuzi ishirini na saba? Nikafungua madirisha yote, nikamwambia tutazungumza hewa ikishapoa. Akasema haya, baba.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata ufumbuzi. Siku mbili sijatoka ndani ya gari hili isipokuwa kwenda kuswali na kulala. Kosa halikuwa kwenye kijimlango, wala mota, wala vitufe. Kosa ni kwamba nilipima hewa mahali pamoja, wakati miguu ina baridi yake na kichwa kina joto lake. Sasa nimefunga vipima joto vinne upande wake: miguuni, magotini, kifuani, na karibu na sikio. Akikaa humu kesho asubuhi dakika tano tu, atakubali mwenyewe kwamba safari imekuwa nyingine. Mtu hakatai safari asiyoihisi. Hilo lingemshinda nani kulielewa?

Shemeji amekuja mpaka dirishani. Amesema dada hajala tangu jana, miguu imeanza kuvimba, na ameomba nikakae naye barazani kabla jua halijazama. Hakunikejeli leo. Ameniita kaka. Nikamwomba aketi kidogo kwenye kiti cha abiria anisaidie kupima, kwa kuwa umbo lao linalingana. Amekitazama kile kiti na nyaya zake, kisha akarudi ndani.

Amekuja tena. Anasema dada anaita. Nimemwambia amjibu nakuja sasa hivi, injini bado haijapata moto.