Jani Lisilo na Jina

Jumatatu, 7 Julai 1969
Likizo kubwa ya shule hapa Muheto, Masisi, na mimi mwalimu niko huru. Nimelipata! Kando ya chemchemi ya maji ya moto, ndani ya jiwe jeupe: jani zima, mishipa yote, hata kikonyo. Nimekaa nalo mapajani hadi ukungu ukashuka. Nikauona msitu uliokuwa hapa kabla ya mtu wa kwanza. Miti isiyo na jina. Upepo usio na wa kuusikia. Jani moja likaanguka, likanisubiri mimi!

Padri Paul, mzee anayekusanyia makumbusho mawe ya namna hii, atapita sokoni Kashebere Jumamosi. Ameahidi: jani lisilojulikana litapewa jina la aliyelileta. Mimi na Thacienne tumeoana miaka kumi na minne, mtoto hatuna. Nilidhani jina langu litazikwa nami. Sasa halizikwi! Thacienne ameuliza kama jani hilo litamchotea maji.

Jumanne, 8 Julai
Balaa. Jirani yangu Kanamugire, mfugaji, naye ana jiwe. Hata hakulitafuta! Ng'ombe wake wamelifukua kwa kwato. Jani dogo tu, kama ukucha. Akanionyesha bila wasiwasi, akaomba kuona langu. Nikasema sina. Mtu anayeonyesha vitu vyake hivyo lazima ana hila.

Nimeamua kulificha langu mahali ambapo hatatafuta kamwe: zizini kwake mwenyewe, chini ya nyasi. Kwanza nimeliloweka katika maji ya chumvi ling'ae. Akili ni mali.

Alhamisi, 10 Julai
Ole wangu! Alfajiri nimekuta ng'ombe watatu wamelizunguka jiwe langu, ndimi nje. Chumvi! Masisi nzima inajua ng'ombe na chumvi, isipokuwa mwalimu. Jiwe ni laini kama chaki. Jani limelambwa lote.

Daphrose, mke wa Kanamugire, alikuja kuchukua maziwa, akauliza natafuta nini humo. Nikasema nasalimia ng'ombe. “Mwalimu,” akasema, “ngombe haziko na masomo leo. Tuko mu vakansi.”

Nimeketi mlangoni na jiwe tupu. Nimelia. Ndiyo, nimelia.

Ijumaa, 11 Julai
Machozi yamekauka. Nimechuma jani la maharagwe shambani kwa Thacienne, nimechukua msumari, nimelichora upya juu ya jiwe tupu. Kazi safi! Hata tundu la mdudu nimeliweka. Thacienne amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba yeye hajawahi kwenda Kashebere kwa miguu.

Jumamosi, 12 Julai
Tulipata kamio, lori la mizigo. Kanamugire alikaa nami juu ya magunia, jiwe lake limefungwa kwenye kitambaa cha mkewe. Njia nzima alinisimulia ng'ombe. Mimi nilitazama mawingu nikajiona nimeandikwa kitabuni.

Padri Paul akavaa miwani. Akaligeuza jiwe langu. Akauliza kwa upole ni nani aliyekuwa akilima maharagwe kabla ya watu kuumbwa. Soko zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akashika la Kanamugire. Akasema jani kama hili hajaliona popote, akatoa kalamu, akauliza jina.

“Andika Nestor, Padri,” akasema Kanamugire. “Mimi niko na batoto saba, jina yangu iko na benye kuibeba. Na njo huyu mwalimu alitufundisha kuangalia mawe.”

Padri akaandika. Herufi sita za jina langu. Nikaikodolea macho karatasi, nikasahau hata kusema asante. Wakati wa kurudi sikuona njia kwa machozi, nikasingizia vumbi.

Jumapili, 13 Julai
Misani sikusikia neno. Nilikuwa msituni mwangu, chini ya miti yenye jina langu, majani yakianguka taratibu. Thacienne alinipiga kiwiko mara tatu.

Baadaye akanipa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, nimpelekee Kanamugire, nimshukuru kama mtu mzima. Nikaenda. Ila njiani nikawaza: jina lote hilo kwenye jani la ukubwa wa ukucha! Lazima mti wenyewe upo chini ya malisho yake.

Nimemshauri ahamishie ng'ombe wake ng'ambo ya kilima, nyasi ni nzuri zaidi. Amekubali, akanishukuru kwa kumjali, akanibariki. Keshokutwa naanza kuchimba. Hatajua kitu! Kasiksi nimesahau kumpa. Nimeinywa mwenyewe, nimekaa malishoni kwake, juu ya mti wangu uliozikwa.